Yule ndege wa kwenye kopo la kiwi

Jumapili jioni bwenini, Tanga, kazi ilikuwa moja: viatu. Tulikaa kwenye ngazi watu sita, kopo moja la kiwi, kipande kimoja cha fulana iliyochoka, na kiranja amesimama nyuma yetu akisubiri kuona uso wake kwenye ncha ya kiatu. Kopo lenyewe mnalijua. Ubavuni lina kile kichuma cha kuzungusha ndipo kifuniko kiinuke, na juu ya kifuniko yupo ndege mnene asiye na mkia, mdomo mrefu kama shazia ya kushonea magunia. Kwa miaka minne niliamini kuwa kiwi ni jina la dawa ya viatu, na yule ndege kabuniwa tu na mchoraji ili kopo lipendeze. Leo nina kovu mkononi nililopewa na ndege huyohuyo, na mshahara wangu unatokana na kumvizia mchana akiwa amelala.

Naandika kwa sababu kila nikirudi nyumbani likizo swali ni lilelile: hivi huyo kiwi yupo kweli? Yupo, tena si mmoja. Kuna kiwi wa aina tano, wote wa Nyuzilandi, na hakuna nchi nyingine wanakoishi porini. Watu huwatia wote kapu moja, hata wenyeji wengi wa huko. Vitabu vya ndege vitakufundisha kuwatenganisha kwa manyoya: huyu kahawia, yule kijivu, huyu ana madoa. Sawa. Lakini usiku, kwenye mvua, chini ya mizizi ya mti, manyoya yote ni meusi. Mimi nimezoea kuwatenganisha kwa yai. Nani analitaga, nani analilalia, na kifaranga akitoka anaishi na nani. Hapo ndipo koo hizi tano zinapoachana njia.

Tumalize kwanza suala la jina. "Kiwi" ni neno la Wamaori, na ukimsikia dume usiku, mluzi mkali unaopanda, ki-wiii, ki-wiii, mara kumi na tano au ishirini mfululizo, hutauliza limetoka wapi. Jike sauti yake ni nyingine kabisa, inakwaruza, kama mtu mwenye mafua anayeita ng'ambo ya mto. Dawa ya viatu ilikuja baadaye. Mwaka 1906 huko Melbourne, Australia, William Ramsay aliitoa dawa yake na kuipa jina hilo kwa heshima ya mkewe, Annie, ambaye alikuwa mtu wa Oamaru, mji ulio Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipeleka kopo kila palipokuwa na buti, na askari wa Nyuzilandi nao wakaanza kuitwa Kiwi. Tunda ndilo kitinda mimba. Lilitoka China, likapandwa Nyuzilandi, na mwaka 1959 wauzaji wakalibatiza "kiwi" ili liuzike Marekani. Mtu akikuambia ndege ameitwa kwa jina la tunda, mrekebishe taratibu.

Nasi Waswahili tuna kiwi chetu, kiwi cha macho, mwanga unapokupiga ukabaki umesimama huoni mbele. Ni maneno mawili yasiyojuana hata kwa salamu, ila yamekutana mahali pa ajabu. Kiwi ana macho madogo mno kwa ndege wa usiku. Bundi alipoingia kwenye giza aliongeza macho, kiwi aliyapunguza. Katika msitu wa Ōkārito, upande wa magharibi wa Kisiwa cha Kusini, watafiti waliwakagua kiwi 160 na kukuta karibu thuluthi moja wana kasoro za macho. Watatu walikuwa vipofu kabisa. Matokeo yalichapishwa 2017, na kilichowashangaza wengi ni kwamba vipofu hao walikuwa na afya nzuri tu, wamejaa nyama, wanaishi porini bila msaada wa mtu. Tai kipofu angekufa njaa. Kiwi kipofu analala kashiba.

Siri iko kwenye ncha ya mdomo. Kuku, kunguru, mbuni, wote matundu ya pua yako juu, karibu na uso. Kiwi peke yake, kati ya ndege wote, ndiye mwenye matundu ya pua mwishoni kabisa mwa mdomo. Anatembea ameinama, anagonga ardhi kwa ncha hiyo, ananusa, anaudidimiza wote hadi machoni, anachomoa nyungunyungu. Na si kunusa tu. Mfupa wa ncha ya mdomo umejaa vishimo vidogo vyenye mishipa ya fahamu inayopokea mtikisiko, kwa hiyo mdudu akijongea ndani ya udongo, kiwi anamhisi bila kumgusa. Taabu ya kuwa na pua mahali pale ni kwamba inaziba udongo. Ukikaa kimya msituni utasikia majani makavu, chakacha, chakacha, kisha ghafla mtu anapenga kamasi gizani. Usiku wangu wa kwanza niligeuka nikidhani ni mwenzangu ana mafua.

Mwili wake wote umejengwa kwa ajili ya ardhini. Ndege arukaye ana mfupa wa kifua uliosimama kama mkuku wa jahazi, ndio unaoshikilia misuli ya mabawa. Kiwi hana mkuku huo. Bawa lake ni kijiti kilichojificha ndani ya manyoya, mwishoni kina ukucha usio na kazi. Mifupa yake ina uboho, haina uwazi wa hewa kama ya ndege wengi. Manyoya hayashikani, yananing'inia kama nywele. Joto la mwili ni karibu nyuzi 38, chini ya ndege wengi, jirani na la kwetu binadamu. Kwa sababu hizo watu hupenda kusema kiwi ni ndege aliyetaka kuwa mnyama. Msemo huo siupendi. Kiwi hakutaka kuwa kitu kingine. Aliishi mamilioni ya miaka kwenye nchi isiyo na mnyama wa miguu minne wa kumwinda, akaishika kazi ya ardhini ambayo kwetu inafanywa na panya buku na nguchiro.

Jamaa zake wa ukoo ni wale ndege wakubwa wasioruka, akiwamo mbuni wetu wa nyikani. Ila ndugu yake wa karibu zaidi hayuko Australia, kama wataalamu walivyodhani muda mrefu. Mwaka 2014 uchunguzi wa DNA iliyotolewa kwenye mifupa ya kale ulionyesha kuwa ni ndege-tembo wa Madagaska, yule jitu refu kuliko mtu, ambaye mayai yake yalikuwa na ujazo wa ndoo na ambaye huenda ndiye aliyewapa mabaharia wa Bahari ya Hindi hadithi za rukh, yule ndege jitu. Hebu fikiria: jitu la visiwa jirani zetu na kijindege cha ukubwa wa kuku ni mtu na nduguye. Kwa kuwa bahari iko katikati na hakuna aliyeogelea, jibu lililobaki ni kwamba babu zao waliruka, kila mmoja akatua kwake, kisha akasahau mabawa.

Sasa yai.

Jike la kiwi wa kahawia lina uzito wa karibu kilo 2.8. Yai lake ni gramu 430 hivi. Hiyo ni asilimia 15 ya mwili wa mama, na kuna wanaofika 20. Kuku wa kienyeji hutaga yai lisilofika asilimia 4 ya mwili wake. Yai la mbuni tunaliona kubwa, tunalichora maua na kuwauzia watalii, lakini ukilinganisha na mama aliyelitaga ni asilimia moja au mbili tu. Mwanamke wa kilo 60 angezaa mtoto wa kilo tisa. Picha ya eksirei ya jike mwenye mimba nimeitazama mara nyingi na bado sijaizoea: yai limejaa kuanzia kifuani hadi nyuma, na vitu vingine vyote vya tumboni vimesukumwa pembeni kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Siku mbili tatu za mwisho hali kitu, hakuna nafasi. Na kiwi wa kahawia akimaliza la kwanza, baada ya majuma matatu au manne anataga la pili.

Ukilipasua yai hilo (tunapasua yaliyokufa tu) utakuta kiini kimechukua karibu asilimia 65 ya vilivyomo. Yai la kuku kiini ni kama theluthi. Kile kiini ndicho maziwa yake. Kifaranga wa kiwi hana jino la kuvunjia ganda kama vifaranga wengine, analipiga mateke hadi linapasuka, na anatoka akiwa na manyoya kamili, kiwi mzima aliyepunguzwa ukubwa. Tumbo limevimba, miguu imetanuka, hawezi hata kusimama, kwa sababu bado amebeba kiini ndani. Siku za mwanzo anaishi kwa akiba hiyo. Baada ya hapo anatoka shimoni usiku, anachokoa ardhi, anajifunza mwenyewe. Hakuna mzazi anayemtia kitu mdomoni.

Nilimweleza hayo shangazi yangu wa Pangani kwa simu, nikamtumia na picha.

"Shikamoo shangazi, umemuona?"

"Marahaba mwanangu. Nimemuona. Huyo aliyelalia yai ndiye mama yake?"

"Huyo baba, shangazi."

Kimya. Kisha: "Na mama?"

"Kaenda kula."

"Miezi mingapi?"

"Miwili na nusu."

Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alitaka nimrudie taratibu, maana alikuwa amewaita majirani.

Nilichomwambia shangazi ni kweli kwa kiwi wa kahawia, Apteryx mantelli, wa Kisiwa cha Kaskazini. Dume hulalia peke yake siku 70 hadi 85. Anatoka usiku kwa saa chache tu kutafuta chakula, anarudi, anafunika mlango wa shimo kwa majani. Anakonda. Jike akishataga amemaliza, na kwa mwili aliopoteza simlaumu. Kifaranga hukaa karibu na baba majuma manne hadi sita, kisha huondoka, na wakati mwingine baba ndiye anayemwonyesha njia.

Ila ukimchukua kiwi huyo kuwa ndiye kiwi wote, utakosea vibaya. Nenda kusini kabisa, Kisiwa cha Rakiura, ukamkute tokoeka. Kule yai linalaliwa na baba, mama, na mara nyingi watoto wakubwa wa miaka iliyopita ambao hawajahama. Wanapokezana. Ukichunguza shimo moja unaweza kukuta zamu kama ya hospitali. Mimi niliyelelewa kwenye nyumba yenye bibi, mashangazi wawili na binamu wasiohesabika nilijisikia nyumbani. Usiku wa kiangazi huko ni mfupi, basi tokoeka hawa huonekana hata jua likiwa juu, wanashuka ufukweni na kutafuta wadudu kwenye mwani uliotupwa na mawimbi. Kiwi anayetembea mchanga wa pwani mchana! Jina tokoeka lenyewe lina mzaha ndani yake: weka ni ndege mwingine wa huko, na tokoeka ni "weka mwenye fimbo". Mdomo ndio fimbo, na kweli, akisimama kupumzika huuegemeza chini kama mzee na mkongojo.

Tokoeka nao hawafanani. Wako wa Rakiura, wako wa Fiordland ya kaskazini na ya kusini, na wako wa Haast ambao wamebaki mia kadhaa tu, ndege wa milimani wanaotembea hadi kwenye theluji. Ukimchukua wa pwani ukamweka mlimani kwa hoja kwamba "wote tokoeka", unachanganya damu ambazo zimekaa mbali kwa muda mrefu sana. Hilo ndilo linalonikera ninapoona kichwa cha habari kinachosema "idadi ya kiwi yaongezeka". Kiwi yupi? Jumla yao inakaribia 70,000, na ndani ya jumla hiyo kuna koo zinazoneemeka na koo ambazo ungeweza kuziita majina mmoja mmoja.

Rowi ni mfano mzuri. Hadi miaka ya 1990 ndege wa kahawia wa Ōkārito walihesabiwa kuwa sehemu tu ya kiwi wa kahawia. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni damu nyingine, na mwaka 2003 wakapewa jina lao, Apteryx rowi. Wakati huo tayari ilijulikana kwamba katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki karibu 160, msitu mmoja, dunia nzima. Rangi yao ina ukijivu, na wengi wana mabaka meupe usoni kama wamefuta unga. Kwao baba na mama hugawana kulalia yai, na mtoto huweza kukaa kwa wazazi miaka kadhaa. Sasa wapo mamia, na msimamo wangu ni kwamba kupewa jina kulichangia sana. Mtu hatoi fedha kuokoa "baadhi ya kiwi wa kahawia".

Majina yana visa vyake. Sayansi ilimpokea kiwi mwaka 1813, pale George Shaw wa Makumbusho ya Uingereza alipoeleza ngozi moja iliyoletwa London na nahodha, bila mifupa, bila maelezo. Wataalamu wengine walishuku kuwa ni utapeli wa kushonea. Kisha wakafuata roroa, kiwi mkubwa mwenye madoa, wa milima ya kaskazini magharibi mwa Kisiwa cha Kusini. Kwa zaidi ya karne aliitwa Apteryx haastii, kwa heshima ya Julius von Haast. Juzi juzi tu, 2021, DNA ya kielelezo kile kilichotumiwa kumpa jina ilipochunguzwa, ikabainika kuwa yule hakuwa roroa kamwe. Alikuwa chotara wa rowi na pukupuku, yule kiwi mdogo kuliko wote. Yaani ukoo mzima ulikuwa unatumia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa jirani. Sasa roroa wanaitwa Apteryx maxima, jina la 1861 lililofufuliwa.

Roroa ndiye aliyenipa kovu. Kiwi hukamatwa kwa miguu yote miwili kwa pamoja, sheria ya kwanza unayofundishwa. Nililala kifudifudi kwenye ukungu wa milima ya Paparoa, mkono hadi begani ndani ya shimo, nikapata mguu mmoja nikaridhika. Mguu wa pili ulinipata mimi. Jike la roroa linaweza kupita kilo tatu, na karibu theluthi ya uzito wa kiwi ni miguu. Nilishonwa. Roroa hutaga yai moja kwa mwaka, wazazi wote wawili hulilalia, na kwa ukali ule nafikiri wangeweza kumfukuza hata mtoza ushuru.

Ukali huo haumsaidii mbele ya mbwa. Kiwi hana ule mkuku wa kifua, kumbuka, wala misuli mizito juu yake, hivyo mbwa akimbana kidogo tu kifuani mbavu zinaingia ndani. Hata mbwa anayecheza. Mwaka 1987, msitu wa Waitangi, Northland, palikuwa na kiwi wanaokadiriwa 800 hadi 1,000, na 23 kati yao walikuwa wamefungwa vifaa vya redio na mtafiti. Ndani ya wiki chache 13 kati ya hao 23 waliuawa. Muuaji alikuwa mmoja, mbwa jike aina ya German shepherd aliyekuwa akizurura peke yake. Kwa hesabu hiyo makadirio yalikuwa kwamba aliua karibu ndege 500. Hakuwala. Mbwa mmoja, si kundi. Kiwi wa kahawia anaweza kuishi miaka 40 na zaidi; Northland, kwa sababu ya mbwa, wastani wa maisha ya kiwi mzima umeshuka hadi miaka 13 au 14.

Vifaranga wana adui mwingine, stouti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche. Walowezi walimleta miaka ya 1880 ili apunguze sungura, ambao nao waliletwa na walowezi. Stouti aliwaangalia sungura, akamwangalia kifaranga asiye na mama, asiyeruka, anayenuka kama uyoga mbichi, akachagua. Pasipo mitego, vifaranga 95 kati ya 100 hawafikii utu uzima. Kiwi akishavuka kilo moja stouti humwogopa. Tatizo zima ni kuvuka kilo hiyo.

Kazi yangu iko hapo katikati. Mpango huo huitwa Operation Nest Egg na umekuwepo tangu miaka ya 1990. Dume wa kahawia anafungwa mguuni kifaa cha redio kinachopima anavyotembea. Akianza kulalia yai, mwendo wake wa usiku unapungua ghafla, na kifaa kinahesabu siku tangu hapo, kikizituma kwa milio ambayo mimi nahesabu kwa antena na daftari. Siku zikitimia naingia mchana. Dume hakimbii, anabana juu ya yai na kunung'unika. Namtoa, mwenzangu anampakata, nami naingiza mkono tena, safari hii polepole. Yai lina uvuguvugu na laini kuliko unavyotarajia, ganda jembamba. Kabla ya kuligusa zaidi naweka alama ya penseli upande wa juu, lisije likageuzwa vibaya, kisha linaingia kwenye sanduku lile la kubebea soda za baridi, isipokuwa ndani kuna chupa za maji ya moto.

Kituoni tunazima taa zote na kuweka tochi nyuma ya yai. Likiwa hai utaona mishipa myekundu imetandaa kama mto Rufiji unapoingia baharini, na juu yake mfuko wa hewa, mpaka wake tunauchora kwa penseli kila baada ya siku kadhaa. Mpaka ukianza kuinama, anakaribia. Likiwa limekufa linang'aa njano tupu, au ni jeusi kimya. Akianguliwa analelewa mpaka avuke kilo moja, au moja na gramu mia mbili, ndipo anarudishwa msituni, na nafasi yake ya kufika utu uzima inapanda hadi 65 kati ya 100. Rowi wao hupelekwa kwanza Kisiwa cha Motuara, kisicho na stouti, wakakue huko kama wanafunzi wa bweni.

Dume tunamrudisha shimoni. Huwa nafikiria anavyojisikia akigeuka akakuta patupu. Wenzangu husema hajisikii chochote. Kesho yake anakula kama mwehu, hilo nimelipima.

Nimemwacha wa tano hadi mwisho kwa kuwa ndiye nimpendaye: kiwi pukupuku, mdogo kuliko wote, kilo moja na kitu, kijivu chenye mistari. Dume wake hulalia peke yake, kama wa kahawia. Udogo huo ulimponza, maana hata akiwa mtu mzima stouti anammudu. Mwaka 1912 watu walipeleka pukupuku watano Kisiwa cha Kapiti. Watano! Bara, yaani kwenye visiwa viwili vikubwa vya Nyuzilandi, wakaisha, mara ya mwisho walirekodiwa 1978, na pukupuku wote tuliokuwa tukiwajua, karibu 2,000, walikuwa wajukuu na vitukuu vya hao watano. Ndugu wanaoana na ndugu, kwa lugha ya wazi, na ndiyo maana walisambazwa visiwa mbalimbali kwa tahadhari.

Kisha Julai 2025 Idara ya Uhifadhi ya Nyuzilandi ikatangaza kwamba pukupuku ameonekana bara, kwenye milima ya Adams, magharibi ya Kisiwa cha Kusini. Sauti zilirekodiwa, manyoya yakaokotwa, DNA ikathibitisha. Kwa karibu miaka 50 alikuwa huko juu akilea watoto wake kimya. Ofisini kwetu hakuna aliyefanya kazi siku hiyo, tulisikiliza tu rekodi za zamani za dume wa pukupuku, mluzi mwembamba kuliko wa wengine wote, tena na tena, hadi mhudumu wa usafi akauliza kama kengele ya moto imeharibika.

Ukifika Wellington na unataka kumwona, nenda Zealandia, hifadhi yenye uzio ndani ya jiji, walikowekwa pukupuku tangu 2000. Ziara ni za usiku. Vaa nguo isiyochakacha, usijipulizie manukato, na tochi watakupa wao, nyekundu. Ya kwako nyeupe iache hotelini. Utamtia kiwi kiwi.